Ukimtafuta mhenga wa Kiskoti, uliza kwanza alitoka shamba gani

Watu wanaotuandikia wakitafuta asili yao ya Uskoti karibu wote huanza na jina la ukoo: Campbell, Fraser, Macdonald. Wengine ni vitukuu vya wamisionari na mafundi waliofanya kazi Kenya au Nyasaland (Malawi ya leo), wengine wamehamia Glasgow na watoto wao wana bibi mzaa baba wa kule. Jina la ukoo ni zuri kuwa nalo, lakini ndilo linalowapoteza watu njiani. Majina yalikuwa machache, watu wengi. Wapangaji wa ardhi waliweza kujiita kwa jina la mkuu wa ukoo aliyewapa hifadhi hata kama hawakuwa damu moja naye. Katika parokia moja ya kisiwani unaweza kuwakuta akina John Macdonald kumi na ushei, na majirani waliwatofautisha kwa shamba: huyu wa shamba la juu, yule wa kinuni.

Chukua mtu ambaye wasomaji wa Ujiji, Tabora na Zanzibar wanamfahamu, David Livingstone. Alizaliwa Blantyre, kando ya mto Clyde, tarehe 19 Machi 1813, katika jengo la wafanyakazi wa kiwanda cha pamba walimoishi familia 24, kila familia na chumba chake. Anayefuata jina la ukoo atakimbilia mji wa Livingston, karibu na Edinburgh, na atapoteza miezi bure. Ukoo huu haukutoka huko. Babu yake alikuwa mkulima mdogo katika kisiwa cha Ulva, pwani ya magharibi, akahamia Blantyre kwa kuwa shamba halikutosha kulisha watoto. Kule visiwani watu walizungumza Kigaeli, na familia kadhaa za upande ule ziligeuza jina lao la Kigaeli kuwa Livingstone zilipoandikwa kwa Kiingereza, bila uhusiano wowote na mji ule. David mwenyewe kwa miaka mingi alisaini bila herufi e ya mwisho. Jina limebadilika lugha na tahajia, ila Ulva unaipata kwenye ramani mpaka leo.

Kuna jambo katika habari za familia hiyo ambalo napenda kila mtafiti alijue. Livingstone ameandika kwamba babu yake aliweza kusimulia maisha ya wahenga wake vizazi sita nyuma. Hakuna daftari la kanisa la kule linalofika huko. Kwa hiyo kabla hujafungua rekodi yoyote, kaa na wazee wako, waulize, na uandike kila jina la mahali wanalolitamka, hata likiwa limepinda kwa kupita vinywa vingi.

Ukishapata mahali, rudi nyuma kidogo kidogo. Kuanzia tarehe 1 Januari 1855 sheria iliwataka watu wote waandikishe uzazi, ndoa na kifo kwa msajili wa serikali. Fomu za mwaka ule wa kwanza ni neema tupu. Ya uzazi iliuliza umri wa wazazi, walikozaliwa, walikofungia ndoa na lini, na watoto waliotangulia, walio hai na waliofariki. Kazi iliwaelemea wasajili, na mwaka 1856 maswali mengi yakaondolewa. Ukiwa na ndugu yeyote, hata wa pembeni, aliyezaliwa, aliyeoa au aliyefariki mwaka 1855, anza na huyo.

Daftari la vifo nalo lina kitu ambacho la Uingereza halina: hutakiwa kuandikwa jina la baba wa marehemu na la mama, pamoja na jina la ukoo wa kwao mama. Neil, baba yake Livingstone, alifariki Februari 1856. Mtu aliyezaliwa 1788 na kufa baada ya sheria kuanza anakuvusha mpaka kwa wazazi wa katikati ya karne ya 18. Mwanamke wa Kiskoti hakupoteza jina la kwao kwa kuolewa; mawe ya makaburi na hati za mirathi humtaja kwa ukoo wa baba yake. Msomaji wa pwani hatashangaa kwa hilo, lakini watafiti wengi waliozoea desturi ya Kiingereza humpita bibi yao bila kumtambua.

Kabla ya 1855 kilichopo ni madaftari ya Kanisa la Uskoti. Kongwe kuliko yote ni la parokia ya Errol, Perthshire, linaloanza 1553. Parokia nyingi za visiwani na za milimani zilianza zaidi ya miaka mia mbili baadaye. Hapa uvumilivu unahitajika. Kati ya 1783 na 1794 serikali ilitoza kodi ya peni tatu kwa kila jina linaloingizwa, na wazazi wengi wakaacha kuandikisha. Neil alizaliwa katikati ya miaka hiyo hiyo. Waliojitenga na Kanisa, hasa baada ya mgawanyiko wa 1843, waliandikwa kwingine, na Wakatoliki vilevile. Ubatizo ukikosekana, fungua kumbukumbu za baraza la wazee wa kanisa. Waliwahoji wasichana waliozaa nje ya ndoa mpaka wakamtaja baba wa mtoto, na mara nyingine ukurasa huo ndio pekee unaomtaja. Inauma kuusoma. Msome tu, ni bibi yako.

Madaftari haya yamepangwa kwa parokia, si kwa kijiji. Enzi za babu yake Livingstone, Ulva ilihesabiwa ndani ya parokia ya Kilninian na Kilmore, ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari, kisiwani Mull. Hapo ndipo kujua muundo wa majina ya mahali kunapokuokoa. Kil mwanzoni mwa jina kwa kawaida ni kanisa kwa Kigaeli, Bal ni makazi au shamba, Inver ni mahali mto unapoingia baharini au katika mto mwingine. Aber ina maana hiyo hiyo, lakini imetoka katika lugha iliyokuwepo mashariki kabla ya Kigaeli, na Pit, yaani kipande cha ardhi, nayo ni ya Wapikti, wenyeji wa kale wa upande huohuo. Ulva yenyewe ni jina la mabaharia wa Norwe: kisiwa cha mbwamwitu, au cha mtu aitwaye Ulf. Basi barua ya zamani ikikuonyesha neno lililofifia linaloanza na Pit, huna haja ya kupekua visiwa vya magharibi. Anzia Fife, kisha uelekee kaskazini kufuata pwani ya mashariki.

Vijiji vingi vya wahenga havipo tena. Wenye ardhi waliwafukuza wapangaji ili wafuge kondoo, na Ulva yenyewe ilipoteza mamia ya watu katika karne ya 19. Mwaka 1845 watu wa bonde la Glencalvie walifukuzwa, wakajisitiri chini ya maturubai katika uwanja wa makaburi wa kanisa la Croick. Wakakwaruza maneno kwenye vioo vya dirisha kwa nje: watu wa Glencalvie walikuwa hapa, tarehe 24 Mei 1845. Maandishi yangalipo, madogo, katika vioo vyenye umbo la almasi, na yameandikwa kwa Kiingereza ingawa lugha yao ilikuwa Kigaeli.

Kwa vijiji kama hivyo tumia ramani za kwanza za inchi sita kwa maili, zilizopimwa katikati ya karne ya 19. National Library of Scotland imeziweka kwenye intaneti bure. Nyumba zenye paa zimetiwa kivuli, magofu yamechorwa kwa mstari mtupu. Wapimaji hao waliacha pia vitabu vya majina: kila shamba, kilima na kisima, tahajia walizozikuta, na nani amethibitisha, awe mchungaji, mwalimu au mwenye shamba. Mara kwa mara mwenye shamba huyo ndiye unayemtafuta.

Msomaji wa Kikuyu ataitambua desturi hii ya kurithisha majina: mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Waskoti wengi waliifuata, lakini mtoto wa kwanza wa kike kwao aliitwa jina la bibi mzaa mama. Ichukue kama dalili, usiifanye ushahidi.

Rekodi zenyewe ziko National Records of Scotland, Edinburgh, na hupatikana kupitia tovuti ya ScotlandsPeople: kutafuta jina ni bure, kuona ukurasa hulipiwa. Sensa iliyo wazi ya karibuni ni ya 1921. Ile ya 1841 iliteremsha umri wa watu wazima hadi mafungu ya miaka mitano, kwa hiyo mtu wa miaka 39 utamkuta ana 35. Kwa Mskoti aliyefia Afrika Mashariki akiacha mali kwao, tafuta hati za mirathi za Edinburgh, maana mahakama ya mji huo ndiyo iliyoshughulikia waliofariki ng'ambo.