Kabla ya kusamehe, piga hesabu ya deni

Katika ushauri nasaha ninaoufanya kanisani hapa Malindi, kisa kinachorudi mara kwa mara ni cha ndugu wa tumbo moja na shamba la wazazi. Kaka mkubwa anauza kipande kule Ganda, pamoja na minazi yake, na wadogo zake wanapata habari siku mnunuzi anapokuja kupima mipaka. Dada mmoja aliyepitia hayo (nimebadilisha mambo kadhaa asijulikane) alinijia akasema, "Mchungaji, mimi nimeshamsamehe. Ila sitaki kumwona." Nikamuuliza amemsamehe nini. Akanyamaza, akakaza leso kiunoni, mara machozi yakamtoka.

Swali hilo makanisani huwa tunaliruka. Mtu analia, tunamwambia, "Samehe, mama, mwachie Mungu," na ibada inaendelea. Naamini kwa haraka hiyo tunawaumiza watu. Tazama Mathayo 18. Petro anauliza kama mara saba zatosha, Yesu anamjibu "saba mara sabini", kisha anasimulia habari za mfalme "aliyetaka kufanya hesabu na watumwa wake". Hesabu ilitangulia. Talanta 10,000, fedha alizodaiwa mtumwa mmoja, zilitajwa mbele yake kabla mfalme hajazifuta. Basi nikamwomba yule dada aandike deni lake. Akaandika shamba, akaandika nazi alizokuwa akiuza apate karo ya watoto, akaandika uongo aliodanganywa. La mwisho liliukwamisha mkono wake: kaka alimwambia kwamba mwanamke aliyeolewa hana chake kwao.

Deni kama hilo si dogo. Katika mfano ule mtumwa wa pili alidaiwa dinari 100 na yule yule aliyefutiwa na mfalme, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa kutwa. Hiyo ni zaidi ya miezi mitatu ya jasho, na Yesu hakusema ni kitu cha bure. Aliiweka kando ya talanta 10,000, ambapo talanta moja ni kama dinari 6,000, ili tuone sisi tumefutiwa kiasi gani. Anayeyaona hayo huanza kuachilia kutoka moyoni, hata kama mchungaji hajamsukuma.

Kuaminiana tena ni jambo jingine. Yusufu hakujitambulisha kwa ndugu zake walipofika Misri mara ya kwanza. Alimzuia Simeoni, baadaye akaagiza kikombe kifichwe katika gunia la Benyamini, akatazama watafanya nini. Yuda, yule yule aliyetoa shauri la kumuuza, alipojitoa abaki mtumwa badala ya mdogo wake, ndipo Yusufu akalia kwa sauti. Kwa hiyo mke anayepigwa anaweza kumsamehe mumewe akiwa amelala kwa dada yake na ripoti iko polisi. Mchungaji anayemrudisha nyumbani usiku huo kwa jina la msamaha anamkosea yeye na Mungu.

Yule dada sasa humwombea kaka yake kwa jina. Mwanzoni aliweza kusema tu, "Bwana, unamjua." Siku hizi anamwombea afya, na watoto wake wasome. Kesi ya shamba bado iko Mahakama ya Ardhi hapa Malindi, wala sijamshauri aiondoe.