Kabla ya kufunga bomba, tazama ukuta

Mtu akiniita nikamrekebishie mzazi wake nyumba huku Ngamiani, Tanga, mara nyingi ameshaamua: tuvunje, tujenge upya. Mimi humwomba kwanza tutembee kutoka kitandani mpaka chooni, ikiwezekana usiku.

Nyumba zetu hizi za Kiswahili zina mengi ya kumfaa mzee. Hazina ghorofa, baraza ipo, korido imenyooka mpaka uani. Taabu iko huko uani: choo cha kuchuchumaa, sakafu ya niru inayoteleza ikilowa, na kizingiti ambacho kijana anakiruka bila kujua kipo.

Kwa bibi mmoja nilikuta ukuta wa korido una mstari wa uchafu, umeanzia mlangoni kwake hadi uani. Viganja vyake. Miaka yote amekuwa akijishika pale. Nikapima kutoka sakafuni: sentimita 78. Vitabu vyangu vinataka karibu 90. Nikafunga bomba la kujishikia kwenye 78.

“Bomba la nini tena, mwanangu? Kwani mimi mgonjwa?”

“La kuanikia khanga, bibi.”

Akacheka, akaniachia.

Mbele ya nyumba hesabu ni ngumu zaidi. Mteremko wa kiti cha magurudumu huhitaji urefu mara 12 ya kimo chake. Baraza ya sentimita 45 inataka mita 5.4, na nyumba za Ngamiani zimekaa barabarani kabisa. Utashukia mtaroni, au katikati ya baiskeli. Kwa anayetembea bado, navunja vidato viwili virefu naweka vitatu vya sentimita 15, bomba pembeni, na mfuniko wa zege juu ya mtaro ili bajaji isogee hadi mlangoni.

Ninachokataa ni kubomoa baraza kujenga fremu za maduka. Kodi inaingia, sibishi. Ila mzee aliyekuwa akiamkiwa na mtaa mzima asubuhi anahamia chumbani, na siku asipoonekana hakuna wa kuuliza.

Kosa langu nalo nilitaje: bomba la kwanza nililofunga uani lilikuwa chuma cha kawaida na rangi. Kwa upepo wetu huu wa chumvi, halikumaliza mwaka.

Karibu na Idi nilipita kwa bibi. Ukuta umepakwa chokaa upya, na pale viganja vilipokuwa vikipita bado peupe. Bombani, khanga mbili zimeanikwa.