Je, wajua? Mtabiri wa kikosi hupata majina tisa, kisha hukwama kwenye mawili

Jumamosi ya Mei 29, 2021, zaidi ya saa moja hivi kabla ya fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Chelsea kuanza mjini Porto, kikosi cha Manchester City kilitoka. Waliokuwa wameshakipanga vichwani mwao walikisoma mara mbili. Rodri hayumo. Fernandinho hayumo. Karibu kila mechi ya msimu ule, mmoja wa hao wawili ndiye aliyesimama mbele ya mabeki kufanya kazi ya namba 6. Safari hii kocha Pep Guardiola alimpeleka Gündoğan pale, na Raheem Sterling, ambaye wengi walimpangia benchi, akaanza.

Waliobaki walikuwa wale wale waliotarajiwa: Ederson golini, Walker, Stones, Dias na Zinchenko nyuma, kisha De Bruyne, Foden, Mahrez na Bernardo Silva. Sasa mtu aliyekaa Mwanza au Mombasa, asiyemjua yeyote ndani ya klabu, huwapataje hao siku mbili kabla?

Mtabiri mzuri haanzi kwa kuuliza nani atacheza. Anaanza kwa kufuta wasioweza kucheza. Kadi kwanza: Ligi Kuu ya England, ukifikisha kadi 5 za njano ndani ya mechi 19 za mwanzo unakosa mechi moja, Ligi ya Mabingwa, ya tatu inatosha kukutoa. Halafu majeruhi. Halafu walio kwa mkopo, na hapo wengi huchanganya. Ndani ya Ligi Kuu ya England mchezaji wa mkopo hachezi dhidi ya klabu inayommiliki, lakini mashindano ya UEFA hayana kizuizi hicho. Agosti 14, 2020, Philippe Coutinho alikuwa Bayern Munich kwa mkopo kutoka Barcelona. Aliingia kutoka benchi akaifunga Barcelona mabao mawili, katika ile mechi ya 8-2.

Ukishafuta, hesabu dakika. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, kwa sababu kocha anaweza kuficha maneno lakini hawezi kuficha mabadiliko aliyoyafanya mbele ya watu. Nyota aliyetolewa dakika ya 60 katika mechi ya ligi ya Jumamosi, timu ikiwa inaongoza na yeye hana jeraha, mara nyingi anatunziwa mechi ya Jumanne. Aliyecheza dakika zote 90 mara tatu ndani ya siku nane huenda akapumzishwa. Tazama pia nani anacheza na nani. Beki wa kushoto anayependa kupanda huhitaji mtu wa kumfunika nyuma, kwa hiyo akianza yeye, jina la kiungo wa upande ule nalo huwa limeshajulikana. Majina hayaji moja moja, yanakuja kwa jozi.

Mazoezi ya mwisho hayasaidii kama watu wanavyodhani. Kabla ya mechi za UEFA waandishi huruhusiwa kuangalia, lakini kwa kawaida ni zile dakika 15 za mwanzo tu, wachezaji wanapopasha misuli na kupigiana pasi kwenye duara. Utajua nani yupo uwanjani na nani hayupo. Mpangilio wenyewe hufanyiwa kazi baada ya kamera kuondoka.

Hata karatasi ya kocha inaweza kukupoteza. Kwenye Kombe la Dunia la 2018 nchini Urusi, wapiga picha walinasa karatasi mkononi mwa Steve Holland, msaidizi wa kocha wa England Gareth Southgate, siku chache kabla England haijakutana na Panama. Ilionyesha Loftus-Cheek akichukua nafasi ya Dele Alli, na Rashford ya Sterling. Siku ya mechi Loftus-Cheek alianza kweli. Rashford hakuanza, Sterling alibaki. England ilishinda 6-1.

Kuna makocha wasiohangaika kuficha. Marcelo Bielsa, alipokuwa Leeds United, alikuwa na kawaida ya kutaja kikosi chake kwenye mkutano na waandishi kabla ya mechi. Namheshimu sana kwa hilo. Kujua jina la mchezaji na kujua namna ya kumzuia ni mambo mawili tofauti, na yeye alikuwa na imani na kazi aliyoifanya wiki nzima.

Wanaohitaji utabiri huu si waandishi peke yao. Mashabiki wanaocheza Fantasy ya Ligi Kuu ya England, mchezo wa mtandaoni wa kujichagulia timu ya wachezaji halisi, nao wamejaa Nairobi na Dar, hufungiwa kubadilisha timu dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi. Vikosi rasmi hutoka dakika 75 kabla. Zile dakika 15 katikati ndizo zinazowaumiza.

Mechi kubwa ndiyo inayovunja mazoea. Katika mechi ya kawaida kocha hurudia kinachofanya kazi, kwa hiyo yaliyopita yanakuelekeza vizuri. Kwenye fainali au hatua ya mtoano anajua kuwa mpinzani naye ameyasoma yale yale, na hapo hutafuta kitu ambacho hakijaonekana. Desemba 6, 2022, kocha wa Ureno, Fernando Santos, alimweka Cristiano Ronaldo benchi dhidi ya Uswisi kwenye mtoano wa Kombe la Dunia, akamwanzisha Gonçalo Ramos, ambaye hakuwa ameanza hata mechi moja ya timu ya taifa. Ramos alifunga matatu, Ureno ikashinda 6-1. Wapo waliolihisi hilo, kwa kuwa Ronaldo alitolewa katika mechi ya nyuma dhidi ya Korea Kusini akiwa amekasirika, na Santos akasema hadharani kuwa hakupendezwa. Dalili ilikuwepo.

Kule Porto dalili haikuwepo. Dakika ya 42 Mason Mount wa Chelsea alipokea mpira akiwa na nafasi, akaupenyeza katikati ya mabeki wa City, na mwenzake Kai Havertz akamzunguka Ederson na kufunga. Dakika ya 64 Guardiola alimwingiza Fernandinho. Matokeo yalibaki 1-0.