Vitamini E si uchafu wa kiwanda cha mafuta

Ule ujumbe umerudi tena kwenye magrupu ya Mombasa: eti vitamini E ya vidonge na losheni ni sumu, kwa kuwa hutolewa kwenye masalio ya viwanda vya mafuta ya kupikia. Kutoka kwenye masalio, ni kweli mara nyingi. Sumu, hapana. Mafuta ya soya au alizeti hupitishiwa mvuke wa zaidi ya nyuzi 200 kuondoa harufu. Mvuke huo hubeba pia tokoferoli, yaani vitamini E yenyewe, iliyokuwemo kwenye mbegu tangu shambani. Hupozwa, hukusanywa, husafishwa. Wengi hudhani masalio hayo ni yale mafuta meusi yaliyokaangia viazi karai kutwa. Sivyo kabisa. Geuza kichupa usome: “d-alpha” hutokana na mimea, “dl-alpha” huundwa kiwandani. Tafadhalini, ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze, hata kwa nia njema.