Kumulanti ya nne: nini huisogeza kabla ya nukta kritiki

Ukiona grafu ya C4/C2 (uwiano wa kumulanti, yaani namba zinazoeleza umbo la mtawanyiko) ya STAR, kigunduzi kilicho kwenye kichapuzi cha RHIC huko Brookhaven, New York, usikimbilie kutafuta nukta kritiki, mahali panapodhaniwa kuwa mpaka mkali kati ya maada ya kawaida ya nyuklia na ile ya kwaki na gluoni huishia. Uliza kwanza ni mambo gani mengine yanayoweza kuisogeza namba hiyo. Yako kadhaa, na ukubwa wa karibu kila moja unakokotoleka kwa kalamu na karatasi.

Kinachohesabiwa chenyewe si kigumu kueleza. Viini viwili vya dhahabu vinagongana, na kwa kila tukio tunachukua idadi ya protoni, tunatoa ya antiprotoni. Tunahesabu zile tu zenye rapiditi (kipimo cha mwendo kufuata mhimili wa miale) kati ya −0.5 na 0.5 na momenta mkingamo, yaani ile iliyo wima kwa mhimili huo, ya 0.4 hadi 2.0 GeV/c. Chini ya 0.8 GeV/c protoni hujulikana kwa nishati inayopoteza ndani ya gesi ya chemba ya TPC. Juu ya hapo mikondo ya pioni, kaoni na protoni huanza kukaribiana, hivyo lazima tuongeze kipimo cha muda wa kusafiri kutoka TOF. Kisha tunachora mtawanyiko wa idadi hiyo katika mamilioni ya matukio: C1 ni wastani, C2 ni variansi, C3 hupima umbo lililoegemea upande mmoja, na C4 ni wastani wa mchepuko kwa kipeo cha nne ukiondoa mara tatu ya mraba wa variansi. Kama protoni na antiprotoni zingezaliwa bila kujuana, kila moja kwa takwimu za Poisson, C4/C2 ingekuwa 1 kamili.

Kwa nini tusitosheke na variansi? Karibu na nukta kritiki urefu wa uhusiano kati ya chembe, ξ, hukua. Mchango wake kwenye C2 hukua kama ξ², kwenye C3 kama ξ kwa kipeo cha 4.5, na kwenye C4 kama ξ kwa kipeo cha 7. Mmweko wa mgongano hauishi muda wa kutosha kuiacha ξ ikue bila kikomo. Matarajio ni femtomita 2 hadi 3 tu. Lakini ξ ikiongezeka mara mbili, mchango huo kwenye C2 huongezeka mara 4, na kwenye C4 mara 128.

Gharama yake ni takwimu. Kosa la C4/C2 ni takriban 4.9 × σ²/√N, ambapo σ² ni variansi na N ni idadi ya matukio. Tuseme σ² ni 40. Ukitaka kosa la 0.1 unahitaji matukio karibu milioni 3.8, tena ndani ya ile asilimia 5 ya migongano ambayo viini hugongana uso kwa uso zaidi. Awamu ya kwanza ya RHIC ya kushusha nishati hatua kwa hatua ilibakiwa na matukio takriban milioni 3 tu kwenye nishati ya mgongano ya 7.7 GeV kwa kila jozi ya nukleoni. Asilimia 5 yake ni 150,000, na kosa linafika 0.5 hata kabla ya kusahihisha ufanisi. Ndiyo sababu ya ile mistari mirefu ya kosa kwenye grafu za zamani.

Sasa ujazo, yaani ukubwa wa mmweko, ambao hubadilika kutoka tukio hadi tukio. Chukua kundi la matukio ambalo nusu yake ina wastani wa protoni 36 na nusu nyingine 44, kila nusu ikiwa Poisson safi. Wastani wa jumla ni 40, lakini variansi ni 40 + 16 = 56. C2/C1 imeruka hadi 1.4 bila fizikia yoyote mpya. Dawa ni kukokotoa kumulanti kwa kila thamani ya wingi wa chembe (idadi ya chembe zilizozaliwa katika tukio) peke yake, kisha kuchukua wastani wenye uzito wa idadi ya matukio. Ukiunganisha kwanza ndipo ukokotoe, umeharibu. Na wingi huo uhesabiwe bila protoni wala antiprotoni, la sivyo unachagua matukio kwa kutumia kile kile unachotaka kupima. Hata hivyo dawa hii haiponyi kila kitu: wingi ule ule unaweza kutoka kwenye idadi tofauti za nukleoni zilizoshiriki, na tatizo hukua nishati inaposhuka kwa kuwa chembe ni chache.

Ufanisi wa ugunduzi ndio mjanja kuliko yote, kwa sababu hauachi alama. Ukiipoteza kwa bahati nasibu sehemu ya chembe za Poisson, zilizobaki ni Poisson vilevile. Kwa hiyo kigunduzi kibovu huivuta C4/C2 kuelekea 1, na jibu likaonekana zuri. Mambo huwa wazi ukitumia kumulanti za faktoria, κ, ambazo hupima uhusiano kati ya chembe n kwa pamoja: ile ya daraja n huzidishwa kwa ufanisi ε kwa kipeo cha n. Ufanisi ukiwa 0.65, ya nne hubaki asilimia 18, na kosa la asilimia 2 tu kwenye ε huwa asilimia 8 baada ya kusahihisha. Binafsi siamini grafu ya C4 isiyoambatana na kumulanti hizi za faktoria. Kwa protoni peke yake, C4 = κ1 + 7κ2 + 6κ3 + κ4; uhusiano wa chembe mbili mbili umezidishwa mara saba, na mara nyingi ndio unaoongea huku sifa zikienda kwa κ4.

Matukio mawili yaliyosomwa kama moja hukamatwa kwa kulinganisha idadi ya njia za chembe kwenye TPC na zile zilizopata mwenzake kwenye TOF. Machache yakibaki hukaa kwenye mkia wa mtawanyiko, ambako kipeo cha nne huyapa uzito mkubwa.

Halafu kuna uhifadhi wa barioni (protoni, neutroni na jamaa zake; idadi yao halisi, ukiondoa za kinyume, haibadiliki), ambao si kosa la kifaa bali sheria ya asili. Ukipima sehemu α ya barioni zote kwenye gesi bora yenye barioni halisi sifuri, C4/C2 huwa 1 − 3α(1 − α). Kwa α ya 0.1 ni 0.73. Msitari wa kulinganishia basi si 1, na anayeupima umbali kutoka 1 anapima sheria ya uhifadhi. Kwenye 3 GeV STAR walipata C4/C2 ya −0.85, na UrQMD, modeli ya kompyuta ya migongano isiyo na nukta kritiki, hutoa thamani hasi pia, kwa uhifadhi huo huo. Awamu ya pili, 7.7 hadi 27 GeV, ilileta takriban matukio milioni 45 kwenye 7.7, na C4/C2 imeonekana kushuka zaidi chini ya thamani za modeli zisizo na nukta kritiki karibu na 20 GeV, kwa sigma 2 hadi 5, yaani mara 2 hadi 5 ya kosa la kipimo. Upana huo wa 2 hadi 5 unatokana na modeli gani umechagua kama msitari wako.