Kabla ya kisu kuna faili

Nikienda kukagua kiwanda kinachoomba cheti cha halali, siku yangu huishia kwenye makaratasi. Gelatini ya kugandishia vyakula imetoka kwa ng'ombe au nguruwe? Glisarini ya kulainishia ni ya mmea au ya mnyama? Hata grisi ya mashine inayogusa chakula naiulizia. Kuchinja kwenyewe ni sekunde chache tu. Pesa na ugomvi viko kwenye muhuri.

Serikali inapogusa mlo wa dini, mara nyingi ina haja zake yenyewe. Mwaka 1563 Uingereza ilikuwa imeshaachana na Papa wa Roma, kiongozi wa Wakatoliki, walaji samaki wamepungua, na jeshi la majini lilitegemea mabaharia waliokulia kwenye uvuvi. Bunge likaifanya Jumatano nayo, kama Ijumaa, kuwa siku ya kula samaki badala ya nyama, na sheria hiyohiyo ikaweka adhabu kwa atakayehubiri kwamba kula samaki siku hizo kunaokoa roho. Funga, ila Mungu usimtaje!

Indonesia ilianzia kwenye hofu. Mwaka 1988 zilienea habari za mafuta ya nguruwe katika vyakula vya dukani, soko likayumba. Mwaka uliofuata baraza la maulamaa, MUI, likaunda chombo chake cha ukaguzi. Cheti kilikuwa cha hiari, na kilitoka kwao. Sheria Namba 33 ya 2014 ikakifanya cha lazima na kukihamishia serikalini, kwa wakala uitwao BPJPH. Maulamaa wakabaki na fatwa ya kuamua kipi ni halali. Msishangae mvutano uliofuata: anayetoa cheti ndiye anayepokea ada.

Ninaloulizwa zaidi ni la Ubelgiji. Mwaka 2019 mikoa yake miwili, Flanders na Wallonia, ilikataza kuchinja mnyama kabla hajapotezwa fahamu. Kwa uchinjaji wa kidini ikaruhusu njia isiyoua, kama umeme wa kichwani pekee: moyo unaendelea kudunda, na mnyama asipochinjwa huzinduka akasimama. New Zealand huchinja hivyo nyama yake ya halali na kuiuza nje. Waislamu wengi wanaikubali njia hiyo, wengine wanaikataa. Kwa Wayahudi wa Orthodox, wanaoshika sana sheria za dini, mjadala haupo, mnyama hatakiwi kuguswa na umeme kabla ya kisu.

Kesi ilifika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ambayo Desemba 2020 ilisema katazo la namna hiyo linaruhusiwa. Kati ya sababu zake, mojawapo ni hii: katazo halizuii kuagiza kutoka nje nyama ya mnyama aliyechinjwa bila kupotezwa fahamu. Basi nyama isiyoruhusiwa kuchinjwa Flanders inaweza kuliwa Flanders, muumini akilipia na usafiri.