Kabla ya Kusukuma Ardhi, Kunja Nyonga

Ushauri wa "sukuma ardhi" umewafikia wacheza gofu wengi kabla ya maelezo yake. Mara kwa mara napokea mchezaji aliyeambiwa aruke ili mpira uende mbali, naye anaruka kweli, ila anaruka wakati uleule fimbo inapogusa mpira. Mpira unaparazwa sehemu yake ya juu tu, na kiuno kinaanza kuuma. Kazi yangu ni fiziotherapia, na wachezaji nawapima wakiwa juu ya mabamba yanayosoma nguvu ya kila unyayo. Mara nyingi kosa nalikuta kabla fimbo haijatikisika, katika namna alivyosimama.

Chukua mizani ya bafuni. Panda, tulia, kisha chuchumaa ghafla. Unapoanza kushuka, mizani inasoma pungufu ya uzito wako. Unapojizuia na kuanza kuinuka, inasoma zaidi ya uzito wako, ingawa hujaongezeka hata gramu moja. Ziada hiyo ndiyo ardhi inayokurudishia. Newton aliieleza kanuni hii mwaka 1687: ukikisukuma kitu, nacho kinakusukuma kwa nguvu ileile kuelekea upande wa pili. Angalia utaratibu wake, maana swingi yote, yaani mzungusho wa fimbo kupanda na kushuka, imo humo: kwanza unashuka, ndipo unapata nafasi ya kusukuma. Aliyesimama wima kama mlingoti hana pa kushukia.

Na muda ni mfupi mno. Fimbo kushuka kutoka juu hadi kwenye mpira ni takriban robo ya sekunde tu. Kwa wachezaji stadi, msukumo wa kwenda juu hufika kileleni mapema, mkono wa mbele, yaani ulio upande wa shabaha, ukiwa unakaribia kulala sambamba na ardhi. Fimbo inapofika kwenye mpira, msukumo huo umeshaanza kupungua. Wengi wameona picha za mcheza gofu Mmarekani Justin Thomas akiwa ameinuka kwenye vidole wakati wa kugonga, wakadhani hapo ndipo anaposukuma. La. Picha hiyo inaonyesha matunda ya msukumo uliokwisha kutolewa. Anayesubiri mpira ndipo aruke amechelewa.

Ardhi hutoa msaada wa aina tatu: wa kukupeleka pembeni kuelekea shabaha, wa kukuzungusha, na wa kukuinua. Kwa kawaida hufuatana hivyo. Ule wa pembeni ni wa mwanzo na wa kitambo kidogo, sitakaa nao. Wa kuzungusha unatoka kwenye miguu miwili inayosukuma kinyume: wa nyuma unasukuma ardhi kuelekea kisigino, wa mbele kuelekea vidole. Kwenye nyasi zilizolowa utaona thamani yake, kwani unyayo ukiteleza mzunguko nao unapotea. Njumu ziliwekwa kwa ajili hiyo.

Huo wa kuinua ndio huwashangaza watu, kwa sababu nao huzungusha. Fikiria mlango. Ukiusukuma karibu na bawaba haufunguki. Ukiusukuma ukingoni unafunguka kwa wepesi. Mguu wa mbele unaposukuma, nguvu ya ardhi inapanda kando ya kitovu cha uzito wa mwili, haipiti katikati yake. Basi mwili unainuka na kuzunguka kwa pamoja.

Sasa rudi kwenye mkao. Wengi huinama kwa kukunja mgongo, makalio yakiwa palepale, na mgandamizo wote ukienda kwenye vidole. Mwili unahisi unataka kuangukia mbele, kwa hiyo fimbo inaposhuka unajiokoa: nyonga zinasogea kwenye mpira, kifua kinainuka, mikono inakosa njia. Unaweza kumwambia mtu huyo "baki chini" mara mia, hatabaki, kwa kuwa mwili unakataa kuanguka na una haki kukataa.

Dawa yake naianzia ukutani. Simama ukiupa ukuta mgongo, visigino mbali nao kwa urefu wa kiganja hivi. Weka mikono kwenye mikunjo ya nyonga, sukuma makalio nyuma hadi yaguse ukuta, magoti yalegee kidogo, mgongo ubaki na umbo lake. Uzito utausikia katikati ya unyayo. Kisha zungusha mwili polepole bila fimbo: kalio la nyuma liguse ukuta unapozunguka kama unapandisha fimbo, la mbele unapozunguka kama unaishusha. Likiachana na ukuta mapema, punguza kasi.

Kisigino cha mbele kikitaka kuinuka unapopeleka fimbo nyuma, kiache. Mcheza gofu Mmarekani Jack Nicklaus alikiinua, na alishinda mashindano makuu 18. Mimi huwazuia watu kusukuma kwa nguvu zote pale tu goti la mbele linapouma. Hao nawaambia kwanza waelekeze vidole vya mguu huo nje kidogo wanaposimama, ili mwili uzunguke bila kulisokota goti, halafu tunapima tena.